PuTTY inaleta lqqqqk badala ya mistari, afu inakata na kuganda, naombeni msaada wakuu

karani_wa_ziwa
Wakuu habari za jioni. Niko tawi la Mwanza, makao makuu Dar. Tunatumia programu ya stoo na ankara ya kizamani, ile ya skrini nyeusi haina mausi haina nini, tunaingia kwa PuTTY (programu ya kuingilia seva ya mbali) kwenye Windows 10. Miaka yote ilikuwa haina shida, mwezi uliopita jamaa wa IT wakahamishia kila kitu kwenye seva mpya ya Linux na ndo balaa lilipoanzia hapo.

Kwanza ile mistari ya maboksi imepotea, juu naona lqqqqqqk, pembeni x imejipanga kwenda chini, afu chini mqqqqqqj. Pili nikinyanyuka kwenda kuhesabu mzigo, nikirudi baada ya kama robo saa nakuta imeshakata, kuna kidirisha kimeandika "Software caused connection abort", nikiingia upya ile ankara niliyoiacha inasema inatumika na mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ni mimi mwenyewe!! Tatu, hii ndo inanimaliza, inaganda. Unajaza ankara ya mistari 30 vizuri, ukitaka kusevu tu inaganda palepale, ukiandika hamna kinachotokea, mishale haiendi, inabidi nifunge dirisha nianze moja.

IT wanasema mtandao wa tawi ni mbovu nibadilishe laini. Nimeshabadilisha mara mbili kwa hela yangu. Cha ajabu mwenzangu wa meza ya pili tunatumia rauta moja na kwake mistari inaonekana fresh tu. Msaada jamani.

dogo_wa_kebo
Pole dada. Zima rauta hesabu 30 washa tena, ikigoma futa PuTTY uiweke upya 😂

karani_wa_ziwa
Mdogo wangu hiyo rauta nimeshaizima mpaka taa zake zimenizoea.

mzee_skrini_nyeusi
Dada subiri kwanza usinunue laini ya tatu. Hapo una magonjwa matatu tofauti umeyapa jina moja, na hilo la kwanza halina uhusiano wowote na mtandao. Mtandao ukiwa mbovu unachelewesha au unakata, hauwezi kukaa kuchagua mistari ndo iwe q na majina ya wateja yabaki salama.

Iko hivi. Tangu enzi za VT100, ile teminali (skrini na kibodi vya kuongea na kompyuta kubwa) ya kampuni ya DEC ya 1978, programu ikitaka kuchora boksi inatuma kwanza alama ya siri ya kusema "kuanzia sasa herufi ndogo ni mistari", afu inatuma l kwa kona ya juu kushoto, q kwa mstari wa kulala, k kona ya juu kulia, x mstari wa kusimama, m na j kona za chini. PuTTY ikiwa kwenye UTF-8, kodi ya herufi ya kisasa, hiyo alama inaipuuza makusudi, kwaiyo unaona herufi zenyewe zikiwa uchi. Mwenzako nakuhakikishia sesheni yake (mipangilio aliyoisevu kwenye PuTTY) ni ya zamani iko kwenye kodi ya kale ya ISO-8859-1, nenda kaangalie.

Dawa: ukurasa wa Window, ingia Translation, kuna kiboksi kimeandikwa "Enable VT100 line drawing even in UTF-8 mode", weka tiki. Kama hukioni basi PuTTY yako ni ya kale, shusha mpya. Na tafadhali sana, kabla ya kubadilisha chagua jina la sesheni yako ubonyeze Load, ukimaliza rudi ukurasa wa Session ubonyeze Save, maana watu tisa kati ya kumi ninaowasaidia wanabadilisha wanaingia wanafurahi, kesho yake wanarudi kulia kwamba imejirudia yenyewe.

Kwa wengine watakaopita hapa, soma takataka unazoziona, zenyewe zinakwambia. Ukiona ÚÄÄÄ¿ na ³ pembeni, programu inatuma kwa CP437, kodi ya herufi ya enzi za DOS na SCO (Unix ya zamani), chagua hiyo kwenye Translation. Ukiona â”€ â”€ imerudiarudia, seva inatuma UTF-8 na wewe ndo uko kwenye kodi ya zamani. Na ukiona alama za kuuliza au viboksi vitupu jaribu kwanza kubadilisha fonti, mara nyingi fonti haina hizo herufi.

tundu_la_ssh
Mzee kamaliza, mi niongezee kwenye kukata. Robo saa ukiwa kimya, hiyo ni NAT ya kampuni ya simu. Modemu yako haina anwani yake ya peke yake huko nje, mnachangia watu kibao, na mashine ya kampuni inaweka kumbukumbu ya kila muunganisho, ukikaa kimya inaufuta bila kumwambia mtu. Wewe hujui, seva haijui, mpaka urudi ubonyeze kitu ndo inapasuka. Ndo maana ankara bado imeshikwa, seva inadhani bado umekaa hapo.

PuTTY, ukurasa wa Connection, "Seconds between keepalives" iko 0, yaani imezimwa. Weka 60. Inatuma kijipakiti kidogo sana, kwenye bando hutasikia kitu.

nyaya_na_chai
@tundu_la_ssh sawa ila usimpe nusu dawa. Keepalive inasaidia kama tatizo ni ukimya. Kama ni mtandao unaozima dakika mbili unarudi, keepalive inaweza kufanya ukatike HARAKA zaidi, maana bila hiyo ungekuwa kimya mtandao ukarudi wala usijue ulikuwa umezima. Nilikula hii mwenyewe kwenye saiti moja ya minara, nikaweka 10 nikadhani nimetibu, nikazidisha.

Kwenye upande wa seva waambie IT waweke kwenye sshd_config (faili la mipangilio ya kuingia kwenye seva) ClientAliveInterval 60 na ClientAliveCountMax 3, hapo mtu akipotea seva inamwondoa baada ya kama dakika tatu na kama programu ina adabu ankara inaachiwa. Watu watakwambia tumia tmux (programu ya kwenye seva inayokushikia kazi yako), ni nzuri, ukikatika unarudi unakuta kazi yako ilivyo, ila ndani ya tmux jina la teminali linabadilika linakuwa screen au tmux na programu za kizee zisipolijua zinagoma au zinachora ovyo. Jaribu kwa mtu mmoja kwanza.

mzee_skrini_nyeusi
Kweli kabisa @nyaya_na_chai. Dada tukirudi kwenye kuganda, nina swali moja, unasevu kwa kitufe gani?

karani_wa_ziwa
Zamani ilikuwa F2. Tangu seva mpya F2 haifanyi kazi, inaandika tu vitu kama [12~ kwenye sehemu ya jina la mteja. Kwaiyo huwa nabonyeza Ctrl+S kama kwenye Excel.

mzee_skrini_nyeusi
😂😂😂 Nilijua tu. Dada, Ctrl+S kwenye teminali ni amri ya "simama, usinitumie kitu", imetoka kwenye mashine za zamani zilizokuwa zinazidiwa kasi. Haigandi, inakutii! Bonyeza Ctrl+Q itaendelea, na yote uliyoyaandika wakati "imeganda" yatamwagika kwa mpigo, kwaiyo usigonge gonge vitufe kwa hasira kabla. IT wanaweza kuizima kabisa kwa amri ya stty -ixon kwenye seva.

Na F2, naamini F5 kwenda juu zinafanya kazi, ni F1 mpaka F4 tu zinazogoma? PuTTY kwa kawaida F2 inatuma ESC[12~, lakini inajitambulisha kwa seva kwa jina la xterm (teminali nyingine), na xterm F2 yake ni ESC O Q. Seva inasubiri kimoja inaletewa kingine. Kuanzia F5 zinafanana ndo maana zinapita. Ingia Terminal, Keyboard, pale kwenye Function keys chagua Xterm R6. Ikigoma badala yake nenda Connection, Data, ufute xterm uandike putty kwenye "Terminal-type string", kama seva inalijua jina hilo.

dogo_wa_kebo
Aisee kumbe. Mi hiyo Ctrl+S imenifanya nizime seva ya watu kwa waya kabisa mwaka juzi, nilijua imekufa.

karani_wa_ziwa
Mrejesho wakuu. Mistari imerudi, nimeweka tiki nikasevu kama ulivyosema (mara ya kwanza nilisahau Load, nikaharibu sesheni, mzee usinicheke). F2 imekubali kwa Xterm R6 na ulivyosema kweli F5 na F7 zilikuwa zinafanya kazi muda wote sikuwahi hata kujiuliza. Leo nimeenda stoo nikakaa karibu saa nzima nimerudi nimeikuta iko palepale. Ctrl+Q nimeibandika kwenye kioo kwa karatasi.

Ile ya seva nimewaandikia IT, wamejibu kwamba wataiweka kesho, ila wao bado wanaamini ni mtandao.

nyaya_na_chai
Wape namba ya risiti za zile laini mbili warudishe hela 😂