Wakunga, wauguzi na wazazi: ni jambo gani dogo la msingi lililookoa mtu mbele ya macho yako? Tupeane uzoefu

Mkunga wa Usiku

Wapendwa, habari za jioni. Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa 14 sasa, na muda mwingi nimeufanyia kazi kwenye vituo vya afya vya vijijini, kanda ya magharibi. Kila nikikaa na wenzangu tunazungumzia uhaba wa dawa na vitanda, na uhaba upo kweli. Lakini wengi niliowaona wakinusurika wamenusurika kwa mambo tuliyofundishwa muhula wa kwanza: kupima, kugusa, kufunua nguo ukaangalia. Naanza na langu.

Ilikuwa saa tisa usiku. Mama wa uzazi wa tano kajifungua vizuri, mtoto analia, nimemchoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti 10 pajani ndani ya dakika ya kwanza, kondo la nyuma limetoka lote na nimelikagua. Nikamfunika khanga, nikaenda mezani kuandika. Baada ya kama robo saa akaniita: "Nesi, nasikia baridi." Nikamjibu ni kawaida, nakuletea blanketi. Mhudumu wa wodi, mama mtu mzima ambaye hakusomea uuguzi, ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, mfunue kwanza."

Khanga ya juu ilikuwa kavu kabisa. Damu ilikuwa imejikusanya chini ya mgongo, kwenye mpira wa kitanda. Nikaweka mkono kitovuni. Pale nilipotakiwa kukuta mfuko wa uzazi mgumu, nilikuta kitu laini kama unga wa maandazi. Nikaukanda, unakaza, unalegea tena. Kumbe kibofu kimejaa mkojo, kimeusukuma mfuko pembeni. Mwenzangu akapitisha mpira wa mkojo, ukatoka kama nusu lita, mimi naendelea kukanda, na hapo nikausikia unakaza chini ya vidole vyangu. Tukamwekea dripu yenye oksitosini, presha na mapigo tukapima kila dakika 15. Asubuhi alikunywa uji.

Tangu siku hiyo, saa mbili za kwanza mkono wangu hauishi tumboni kwa mzazi, na khanga naifunua hata akinuna. Nilifurahi sana mwaka 2023 yalipotoka matokeo ya utafiti uliofanyika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Mama anatandikiwa plastiki yenye mistari ya vipimo, damu inapimwa badala ya kukisiwa kwa macho, na ikizidi, tiba zote zinaanza kwa mpigo mmoja. Waliovuja zaidi ya lita moja, waliopasuliwa tumbo kwa sababu ya damu au kufariki, walipungua kwa asilimia 60 ukilinganisha na hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani.

Karibuni. Muuguzi, mzazi, aliyewahi kuuguza, yeyote.

Mama wa Njiti

Shikamoo sista. Mimi ni mzazi tu. Mwanangu alizaliwa mimba ina wiki 31, gramu 1,350. Nilidhani nitamwona kwenye kioo tu. Sista akamwacha na nepi, kofia na soksi, akamlaza kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa pembeni apate hewa. Akazungusha khanga, akafunga fundo. Mama mkwe alilia akisema mjukuu wake ananyimwa chumba cha joto.

Usiku ule niliogopa hata kujigeuza. Joto walikuwa wanampima kwapani, na sista akaniandikia kwenye kipande cha boksi juu ya kitanda ili na mimi nifuatilie: 36.1. Kisha 36.4. Alfajiri 36.8. Nilipoiona ile 36.8 nililia kuliko siku niliyojifungua. Mume wangu alikuwa akitoka kazini anavua shati, tunambadilishana, mimi naenda kuoga. Kijana sasa yuko darasa la pili, na kile kipande cha boksi ninacho.

Mkunga wa Usiku

Marahaba mama, nimekusoma mara mbili. Huduma hiyo ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu hospitali ilikuwa na njiti wengi kuliko mashine. Mwaka 2021 utafiti wa nchi tano, Muhimbili ikiwemo, ulionyesha kwamba njiti wakiwekwa kifuani mapema, bila kusubiri hali yao itulie kwanza, vifo vinapungua kwa robo. Mwambie mama mkwe alichokuwa anakilinda ni kile kile alichokilinda sista.

Kaka Nesi

Mimi ni muuguzi wa kiume, wodi ya upasuaji, na langu halihusu uzazi. Fungueni faili lolote muangalie safu ya upumuaji. 20, 20, 20, 20. Wodi nzima wanapumua mara 20 kwa dakika! Na mimi nilikuwa naandika hivyo hivyo, maana zamu ina wagonjwa 30 na sisi tuko wawili.

Kuna mzee alikuwa siku ya tatu baada ya kupasuliwa tumbo. Joto 37.4, presha nzuri, anaongea. Binti yake akasema baba hamalizi sentensi. Nikavuta stuli, nikashika saa, nikahesabu kifua kikipanda kwa dakika nzima, sikukata nusu nikazidisha mbili. 34. Nikamwita daktari, oksijeni ikawekwa, ikabainika nimonia. Jioni ile ndiyo joto likapanda hadi 39. Wenzangu, tafadhali, ile dakika moja ihesabuni yote. Kuandika namba ambayo hukuihesabu ni kumdanganya mwenzako wa zamu inayofuata, na mgonjwa ndiye anayelipa.

Mwanafunzi Mwaka wa Tatu

Mimi sina mengi. Tulifanya mazoezi ya kumpumulisha mtoto kwa mdoli mpaka tukachoka. Siku ilipotokea kweli, mtoto katoka amelegea, halii. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, kimya. Nikachukua ambu, ule mfuko wa kupumulishia, nikaminya, kifua hakipandi. Mikono inatetemeka. Nikasikia kichwani sauti ya mwalimu: rekebisha kichwa, bana maski. Kichwa nilikuwa nimekikunja mno. Nikakinyoosha kidogo tu, maski ikakaa, kifua kikapanda. Minyo kama ishirini hivi, akakohoa, akalia. Mafunzo haya yalianza kutumika Tanzania mwaka 2009, na kwenye hospitali zilizofuatiliwa vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Nilikuwa nayasoma kwa ajili ya mtihani.

Da Zu

Naomba na mimi niseme, ingawa langu linauma. Nilijifungua hospitali moja ya mjini, nikaruhusiwa kesho yake. Kabla sijatoka nilimwambia nesi kichwa kinanigonga na naona vimulimuli. Akasema ni uchovu, nenda ukapumzike. Hakunipima presha. Siku ya tatu nikaanguka degedege nyumbani, mtoto yuko kitandani. Jirani ndiye aliyenikimbiza. Sikuwa najua kwamba kifafa cha mimba kinaweza kuja wakati mimba haipo tena.

Mkunga wa Usiku

Da Zu, pole sana mdogo wangu. Ulisema dalili zote mbili kwa mdomo wako, ilitakiwa mtu achukue mashine ya presha tu. Kwa wengine wanaosoma: kifafa hiki kinaweza kuja hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Kichwa kisichoachia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya kifua upande wa kulia: rudi hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki. Na wenzangu mnaochoma magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege hii, kabla ya kila dozi pigeni goti muone kama linaruka, hesabuni pumzi zisipungue 16, angalieni mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kukabili magnesiamu ikizidi, iwe mezani, isiwe stoo.

Mkunga wa Pwani

Salamu kutoka Kilifi. Langu ni kitovu. Nyanya mmoja alikuja na majivu kwenye kitambaa, ampake mjukuu. Nilipokuwa mgeni kazini ningemfokea. Siku ile nilimkalisha nikamwambia, nyanya, pepopunda inapita hapa, na mimi sitakuwepo nyumbani, wewe ndiwe utakayekilinda: kisipakwe kitu, kibaki kikavu, nepi ikunjwe chini yake. Aliyatupa majivu mwenyewe. Wiki iliyofuata alikuja na mtoto, akaniambia amemkataza hata jirani.

Baba Mtarajiwa

Samahanini, mimi nasoma kimya kimya. Mke wangu ana wiki 36, mimba ya kwanza. Nitamwambiaje nesi amwangalie tumbo bila kuonekana najifanya najua?

Mkunga wa Usiku

Msalimie, kisha mwambie hivi: "Sista, naomba unionyeshe mfuko wa uzazi ukikaza unakuwaje, ili nikusaidie kuangalia." Atauchukua mkono wa mkeo na kuuweka pale. Mkeo akishaujua ugumu ule, atakuita mwenyewe mfuko ukilegea. Na nendeni na khanga za rangi nyepesi, damu ionekane.