Mjadala: Matamasha "ya umma" ya Paris ya mwaka 1861 yalikuwa ya umma upi?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kila ninapokuta habari za Jules Pasdeloup, kiongozi wa okestra wa Paris, nakuta sifa ileile, kwamba ndiye aliyewafikishia walalahoi wa Paris muziki wa Beethoven. Mimi naona sifa hiyo imetiwa chumvi. Naweka hoja mezani, mwenye kuipangua karibu.

Kwa wasiokijua kisa: Jumapili ya tarehe 27 Oktoba 1861 Pasdeloup aliingiza okestra nzima ndani ya Cirque Napoléon, jengo la sarakasi lililofunguliwa mwaka 1852, ambalo leo linaitwa Cirque d'Hiver. Ni humohumo mwanasarakasi Léotard alimorukia bembea za hewani mwaka 1859. Wakapiga Simfonia ya 6 ya Beethoven, na mpiga fidla Alard akapiga konseto ya fidla ya Mendelssohn. Jengo lilichukua watu kwa maelfu, kiingilio cha chini kabisa kikawa sentimu 75 (sentimu 100 ni faranga moja). Likajaa. Yakaitwa Matamasha ya Umma ya Muziki wa Klasiki, na yakaendelea kila msimu kwa zaidi ya miaka 20.

Sasa tupige hesabu. Fundi mwanamume wa Paris miaka ile alipata kama faranga 4 hadi 5 kwa siku, mwanamke mshonaji karibu nusu ya hapo. Kwa fundi, sentimu 75 ni kama sehemu ya sita ya ujira wa siku. Kwa mshonaji ni theluthi. Fundi akienda na mke na mtoto mmoja, nusu ya siku imekwenda.

Halafu Jumapili. Sheria ya mwaka 1814 ya kupumzika Jumapili ilibaki kwenye karatasi tu, ikafutwa mwaka 1880. Sheria ya kweli ya mapumziko ya kila wiki ilikuja 1906. Karakana nyingi zilifanya kazi Jumapili, angalau asubuhi, na mafundi wakajipumzisha siku ya pili yake. Siku hiyo wenyewe waliiita Mtakatifu Jumatatu. Pasdeloup hakupiga Jumatatu.

Na tazameni mtaa. Hatua chache kutoka pale, Boulevard du Temple ilikuwa na msururu wa majumba ya maigizo ambako watu wa chini walijazana kweli. Mwaka 1862 Haussmann, mtawala aliyeijenga upya Paris, aliyabomoa karibu yote kupisha barabara na uwanja mpya. Kwa hiyo tunasherehekea mlango mmoja uliofunguliwa na kuinyamazia milango iliyovunjwa mwaka uliofuata. Naomba kuwasilisha.

Mhasibu Mstaafu

Mkuu, hesabu nazipokea, hitimisho silitaki. Unamlinganisha Pasdeloup na peponi. Mlinganishe na kilichokuwepo.

Kilichokuwepo ni Société des Concerts du Conservatoire, chama kilichoanza mwaka 1828 na kilichoshika simfonia za Beethoven mjini Paris. Walipiga vizuri ajabu, hilo halina ubishi. Lakini ukumbi wao ulichukua watu wapatao 1,000, na viti vilikwenda kwa usajili wa msimu mzima. Aliyekuwa nacho hakukiachia, na familia zilirithishana viti kama mashamba ya mikarafuu. Karani wa posta, mwalimu wa shule, mwanafunzi wa udaktari, hata akiwa na fedha mkononi, angeipata wapi nafasi? Pasdeloup aliwaingiza hao. Sijui kwa nini siku hizi mtu akiwa karani anafutwa kwenye orodha ya umma.

Hayo ya Haussmann mpelekee Haussmann. Mwanamuziki hakubomoa kitu.

Mama Kwaya

Wanangu, nyote wawili mnaongea kana kwamba fundi wa Paris alikuwa amekaa akingoja mtu amletee muziki. Alikuwa anaimba!

Tangu miaka ya 1830 kulikuwa na Orphéon, harakati ya kwaya iliyoanzishwa na mwalimu wa muziki Wilhem: watoto shuleni, na wafanyakazi watu wazima madarasa ya jioni, wakifundishwa kusoma noti na kuimba kwa sauti kadhaa. Mwaka 1859 kwaya za namna hiyo kutoka kila upande wa Ufaransa zilikusanyika Palais de l'Industrie, jumba la maonyesho la Paris, waimbaji kwa maelfu chini ya paa moja. Na mjue kwamba Pasdeloup huyuhuyu, tangu 1860, aliiongoza Orphéon ya Paris pamoja na mtunzi François Bazin. Watu hao aliwajua kwa sura.

Basi mnijibu hili. Kwa nini aliyekaa kitini kusikiliza ndiye anayehesabiwa kuwa "amefikiwa na muziki", na aliyesimama kuuimba hahesabiwi? Mimi nimefundisha kwaya maisha yangu yote. Mtu aliyeshika sauti ya tatu bila kuvutwa na ya kwanza simfonia haimtishi, ila hana muda wa kukaa saa mbili kimya amevaa koti la Jumapili ili aonekane mstaarabu.

Mpenda Mikahawa

Eldorado, mkahawa wa muziki wa Paris, ilifunguliwa 1858. Unaingia bure, unalipia kinywaji, unasikiliza waimbaji mpaka usiku. Umma ulikuwa huko. Hoja imeisha.

Mhasibu Mstaafu

Haijaisha, bosi. Kinywaji nacho kilikuwa na bei, na mwenye mkahawa hakukuacha uegemee glasi moja usiku kucha. Bure ya namna hiyo naijua.

Mama, shikamoo. Hoja yako ni nzito, lakini inamsaidia Pasdeloup. Kama aliwajua waimbaji wale na bado akaona wanastahili kusikia okestra kamili badala ya kwaya peke yake, kosa liko wapi?

Mama Kwaya

Marahaba baba. Sikusema kosa. Nimesema mnapohesabu, anzeni kuhesabu mapema kidogo.

Mwanafunzi wa Fidla

Naomba niingie. Mnajadili walioingia, hakuna anayeuliza walifanya nini baada ya kuingia. Pasdeloup alipiga muziki wa Wagner, mtunzi Mjerumani, baada ya opera yake *Tannhäuser* kuzomewa kwenye jumba la Opéra mwaka huohuo wa 1861, akaendelea miaka na miaka. Ukumbi ukawa unagawanyika: huku makofi, huku miluzi. Baada ya vita vya 1870 na Prussia, dola ya Wajerumani, miluzi ikawa na siasa ndani yake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mtunzi Bizet. Mwaka 1872 igizo la *L'Arlésienne* lilianguka vibaya jukwaani, na muziki wake nusura uanguke nalo. Bizet akachagua vipande vinne, akavipanua kwa okestra kubwa, na Novemba 10 mwaka uleule Pasdeloup akavipiga. Watu wakavipenda papo hapo. Waliokuja kwenye maigizo walimkosa Bizet, hawa wa sarakasi wakampata. Umma wenye kuamua namna hiyo siwezi kuuita mapambo.

Mleta mada

Dogo, mfano mzuri, lakini umethibitisha kwamba lile lilikuwa kundi la wasikilizaji wenye masikio. Hujathibitisha nani alikuwa kundini. Karani na mwanafunzi wa udaktari nao wana miluzi.

Mhasibu anasema niache kulinganisha na peponi. Haya, nalinganisha na duniani. Okestra za Jumapili zilipoongezeka, ya Colonne miaka ya 1870 na ya Lamoureux mwaka 1881, wasikilizaji walimhama mwenye viti vya sentimu 75 wakafuata walikopigiwa vizuri zaidi. Mwaka 1884 matamasha ya sarakasi yakafungwa. Watu wanaohama kwa sababu fidla hazilingani sauti ni watu wenye uwezo wa kuchagua.

Mhasibu Mstaafu

Au ni watu waliosikiliza Beethoven miaka 20 kwa bei nafuu mpaka wakajua tofauti. Na walifundishwa na nani kuijua?