Ile Porsche ya Commando ilinyooshwa na nani?

*Kikundi: WANA WA BIBI MWANAHAWA*

Ba Mdogo Hamisi: Assalaam alaykum wana ukoo. Nina swali, na asiyejua anyamaze. Jana usiku wamerudia Commando kwenye runinga. Ile Porsche ya njano inapata ajali, ubavu wa kushoto wote unabonyea, mlango kwisha habari yake. Schwarzenegger anamaliza kumdondosha yule jamaa bondeni, anarudi, analisukuma gari linasimama kwa matairi, anawasha anaondoka. Ubavu mzima! Hata mkwaruzo hakuna. Nani kalinyoosha?

Salim Mombasa: Waalaykum salaam Ami. Picha ya mwaka 1985 hii, wewe ndio waona leo?

Ba Mdogo Hamisi: Zamani tuliiona kibanda umiza. Runinga inchi 14, mbele yako kuna kichwa cha mtu. Mimi ubavu wa kushoto wa lile gari nilikuwa siuoni 😂

Tatu: Shikamoo Ba Mdogo. Huwa wanakuwa na magari mawili matatu yanayofanana, moja la kugonga, lingine la kuendesha. Halafu hawarekodi kwa kufuata hadithi. Mwisho unaweza kurekodiwa wiki ya kwanza. Ndiyo maana kuna mtu kazi yake ni kuandika kila kitu: shati limefunguliwa kifungo cha ngapi, sigara imeungua mpaka wapi, glasi ina maji kiasi gani. Hapo alipitiwa.

Ba Mdogo Hamisi: Marahaba mwanangu. Kifungo mtu anapitiwa. Gari? Mimi nimevuta semi Dar mpaka Tunduma, ukigusisha kioo cha pembeni tu, tajiri anajua kabla hujafika getini.

Shangazi Zuhura: Hivi nyie leo hamna kazi? Mtoto wake ametekwa, mlitaka apite gereji kwanza?

Salim Mombasa: Shangazi kamaliza. Steringi hafi, na gari la steringi halifi.

Ba Mdogo Hamisi: Enzi za Lufufu nisingeuliza. Yule akitafsiri picha anajazia maneno yake mwenyewe, unatoka hapo umeridhika kabisa.

Salim Mombasa: Na huku DJ Afro ni vivyo hivyo. Shimo lolote kwenye hadithi yeye alifukia kwa mdomo.

Rehema: Shikamooni wakubwa, nimetoka zamu ya usiku ndiyo nasoma. Mimi magari nawasamehe. Hospitali siwasamehe ng'o. Kwenye skrini mstari umenyooka, mashine inalia tiiiii, daktari anachukua zile pasi zake mbili, anapiga shoti, mgonjwa anaruka juu ya kitanda, anafumbua macho anamwita mkewe.

Shemeji Joni: Kwani sivyo?

Rehema: Sivyo, Shemeji. Mstari ukinyooka shoti haina kazi. Shoti ni ya moyo unaotetemeka ovyo, umeme wake umevurugika, unaupiga ili utulie ujipange upya. Uliokaa kimya kabisa utaupanga vipi? Hapo ni kukandamiza kifua na adrenalini.

Shemeji Joni: Miaka yote hii najua ni zile pasi tu 😳

Rehema: Na kukandamiza kwenyewe! Viwiko vimepinda utadhani anakanda unga wa maandazi. Mikono inanyooka, mabega juu ya kifua, unashusha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Zikipita dakika mbili unampisha mwenzio, maana mikono imeisha. Wa kwenye muvi anabonyeza bonyeza huku anaongea, nywele hazijasogea.

Tatu: Dada, wakimkandamiza hivyo mwigizaji mzima si watamvunja mbavu?

Rehema: Najua. Basi watuonyeshe mgongo wa daktari. Halafu kuna yule anayezinduka, anachomoa dripu mwenyewe, anavaa suruali, anatokea dirishani. Damu hata tone! Mimi nikitoa kanula kwa mtu aliyelala kwa adabu zake, bado nashikilia pamba pale mpaka itulie.

Ba Mdogo Hamisi: Rehema, steringi damu yake inatii amri.

Rehema: 😂😂 nalala mie

Salim Mombasa: Sasa nami niseme yangu. Titanic.

Shangazi Zuhura: Haya, ubao.

Salim Mombasa: La, si ubao. Nyota. Rose amelala juu ya ubao aangalia juu, na zile nyota si za bahari ile. Upande mmoja wa mbingu waliugeuza tu wakaubandika upande wa pili! Mimi boti yangu naitoa alfajiri, sina haja ya simu kujua kaskazini. Nikaona mbingu ile nikasema hawa watu wamepotea kabla ya meli.

Tatu: Kaka Salim hukuwa peke yako. Neil deGrasse Tyson, yule mtaalamu wa nyota wa Marekani, alimsumbua James Cameron, mwongozaji wa picha, kwa hilo mpaka ilipotoka upya ya 3D mwaka 2012, Cameron akarekebisha mbingu. Ni kitu kimoja alichokubali kubadilisha.

Salim Mombasa: Alhamdulillahi, kumbe kuna wanaume.

Shemeji Joni: Na ubao je? Mimi nauliza kwa niaba ya wanyonge. Nafasi ya Jack si ilikuwepo?

Tatu: Nafasi ilikuwepo, Shemeji, kuelea ndiko hakukuwepo. Kwenye picha yenyewe Jack anajaribu kupanda, ubao unapinduka. Watu wanaliruka hilo. Maji usiku ule yalikuwa chini ya sifuri kidogo, walio wengi waliua na baridi. Cameron alichoshwa na swali hili, akawaweka watu wawili kwenye maji baridi na ubao wa mfano wakajaribu njia tofauti, National Geographic wakaonyesha mwaka 2023. Ilipatikana njia ambayo Jack labda angepona: wote wawili vifua viwe nje ya maji, na Rose ampe jaketi lake la kujiokolea.

Shemeji Joni: *waliua* 😂 waliuliwa, Tatu, baridi ndiyo iliyoua.

Tatu: Kidole kimeteleza, nisamehe mhasibu wetu. Ila mimi kinachonikera ni kingine. Jack anasimulia alivyokuwa mdogo akivua samaki na baba yake kwenye barafu, Ziwa Wissota. Lile si ziwa, ni bwawa la umeme, na lilijengwa miaka kadhaa baada ya 1912, mwaka meli ilipozama. Jack alivua nchi kavu!

Shemeji Joni: Hapo sasa 😂😂 Na ule ubao uko wapi siku hizi?

Tatu: Uliuzwa mnadani mwaka 2024, zaidi ya dola laki saba.

Shangazi Zuhura: Ubao? Hiyo si bilioni na ushee za kwetu? Na mtu wa pili haukumbeba?

Shemeji Joni: Nawatazama tu hapa. Dereva analia gari, muuguzi analia kifua, nahodha analia nyota. Kila mtu na kitengo chake.

Rehema: Na wewe huna lako?

Shemeji Joni: Ninalo. Mtu anashuka teksi anatupa noti, anaondoka bila chenji. Baa hivyo hivyo. Hizo hesabu za mwisho wa mwezi anazifunga nani? Lakini sijawahi kuwaandikia kikundini saa tatu asubuhi.

Rehema: Mnipe dakika tu kabla sijalala. Idi yuko wapi? Mwulizeni The Lion King mwone.

Shangazi Zuhura: Rehema usimwamshe huyo, tutakaa hapa mpaka Isha.

Idi Arusha: Nimeshaamka. Shikamoo Shangazi. Nilikuwa naendesha, mtandao ndiyo umerudi.

Shangazi Zuhura: Marahaba. Yametimia.

Idi Arusha: Wageni wangu wakishuka tu uwanja wa ndege wa KIA, swali ni hilo hilo: Rafiki wa kwenye katuni tutamwona wapi? Yule mwenye uso wa bluu na nyekundu ni nyani wa misitu ya Gabon na Kamerun. Hajawahi kukanyaga Serengeti. Timon ni aina ya nguchiro wa Kalahari, Botswana na Namibia huko. Nguchiro tunao wengi, yeye hatuna. Na pale mwanzo kabisa jua linapochomoza, tazameni kwa makini: kuna sisimizi wamebeba vipande vya majani kichwani, pundamilia wanapita nyuma. Wale wadudu ni wa bara la Amerika. Walipita uhamiaji gani sijui.

Salim Mombasa: Haha ni katuni hiyo Idi, wanyama wanaimba!

Idi Arusha: Kuimba naruhusu. Kaka, mimi kinachoniuma ni fisi.

Ba Mdogo Hamisi: Fisi kakufanyia nini?

Idi Arusha: Wao ndio wamefanyiwa. Mgeni anafika Ngorongoro asubuhi, anakuta simba wanakula pundamilia na fisi wamekaa pembeni, midomo ina damu. Anasema ona hawa wezi wanavizia. Kumbe mara nyingi fisi ndio waliokimbiza usiku wakaangusha, simba kasikia kelele akaja kupora. Mtafiti mmoja, Hans Kruuk, aliwafuatilia usiku humo humo kreta miaka ya 1960, ndiye aliyeandika hayo. Fisi madoa chakula chake kingi anawinda mwenyewe. Na kwao mkubwa ni jike. Dume lolote liko chini. Wale fisi watatu wa kwenye katuni kumfuata Scar, simba dume, eti awape nyama, ni kichekesho.

Rehema: Kwa hiyo mwizi ni mfalme Mufasa 😂

Idi Arusha: Mufasa analala mchana kutwa na ananyang'anya. Halafu ngojeni. Kundi lina madume mangapi? Mufasa, na Scar kasukumwa pembeni. Nala anayeolewa na Simba mtoto wa Mufasa, baba yake nani?

Shemeji Joni: Idi.

Idi Arusha: Nauliza tu.

Shangazi Zuhura: Toba! Futa hiyo, watoto wanashika simu zetu.

Idi Arusha: Ndiyo maana dume likikua linafukuzwa, Shangazi, likaoe mbali. Yule Simba wa kwenye katuni kurudi nyumbani kuoa ndilo kosa kubwa kuliko sisimizi.

Ba Mdogo Hamisi: Mimi niko pale pale kwenye gari.

Shangazi Zuhura: Nimewasoma wote kuanzia asubuhi. Mnajua tatizo lenu? Mnatazama kama mapolisi. Picha ni ya kuburudika. Mimi nakaa, nalia panapoliza, nacheka panapochekesha, nazima nalala.

Rehema: Shangazi huna hata moja linalokukera? Hata Bongo muvi?

Shangazi Zuhura: Hata moja.

Shangazi Zuhura: Isipokuwa ndoo.

Tatu: Ndoo gani?

Shangazi Zuhura: Binti wa kijijini anatoka kisimani na ndoo kichwani. Ndoo ya lita 20 hiyo. Shingo laini, anageuka huku, anageuka kule, anamcheka mvulana, anainama kuokota kandambili! Ndoo haina kitu! Maji yakiwemo shingo inakaza, unamtazama mtu kwa macho tu bila kugeuza kichwa, na ukitembea yanarukaruka yanakulowesha bega hili, ndiyo maana tulikuwa tunaweka jani juu. Na kata yake hana! Kaiweka juu ya wigi! Mimi kisima nilikichota mpaka nimeolewa, mtu asinidanganye. Si wangejaza hata nusu? Maji yanauzwa?

Salim Mombasa: 😂😂😂 Allahu akbar

Shemeji Joni: Kitengo cha maji kimewasili.

Ba Mdogo Hamisi: Dada, hiyo ndoo yako ndiyo gari langu.

Shangazi Zuhura: Si sawa hata kidogo. Wewe ulikuwa humwoni hata mwigizaji, ulikuwa unaona kisogo cha mtu.

Tatu: Napendekeza Jumapili tukutane kwa Shangazi tuitazame Commando kwenye laptopu yangu, tusimamishe pale pale Porsche inapoinuka. Ba Mdogo akague mwenyewe.

Idi Arusha: Mnirekodie.

Shangazi Zuhura: Njooni, nitapika wali wa nazi. Ila atakayefungua mdomo kabla mtoto hajaokolewa anaosha vyombo vyote.

Ba Mdogo Hamisi: Hata nikinong'ona?

Shangazi Zuhura: Na masufuria.