Naomba ushauri: mfereji wa mafuriko bonde la Msimbazi, zege tupu au mawe na nyasi?

Wakuu, naombeni ushauri. Mtaani kwetu, Dar es Salaam, kuna mpango wa kuchimba mfereji wa mita 400 wa kupeleka maji ya mvua mtoni: upana wa chini mita 3, kina mita 2, kuta na sakafu zote zege.

Hofu yangu kubwa ni pale unapoishia. Kwenye zege maji hukimbia sana. Yakitua kwenye udongo wa kichanga bila kupunguzwa kasi yanachimba shimo, kingo zinamomonyoka, na nyumba za ng'ambo ndizo zinazoanguka. Mchanga huo unatulia Jangwani, chini zaidi ya bonde, kwenye mteremko mdogo, mto unapungua kina na mafuriko yanahamia kwa wenzetu. Tope likifika mdomoni mwa mto linafukia mizizi ya kupumulia ya mikoko, nayo inakufa.

Ninachopendekeza: sakafu ya udongo ili maji yazame, kingo za mlalo wa 1 kwa 2 (kila mita 1 ya kina, mita 2 za upana) zenye vetiva (nyasi za mizizi mirefu), mawe makubwa mwishoni juu ya kitambaa cha kuchuja, na shimo la kunasa mchanga na taka. Tatizo, kwa mlalo huo upana wa juu unafika mita 11, na eneo ni finyu.

Je, magabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe) ya ngazi yatafaa kwenye kichanga bila kutitia? Shimo la kunasa mchanga lisafishwe mara ngapi, zaidi ya kabla ya vuli na masika? Na kwa kuwa Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kando ya mto, tuanzie NEMC (chombo cha taifa cha kusimamia mazingira) au manispaa?