Tunakatwa asilimia 2 kila mwezi, lakini chama cha walimu hatukioni kwenye shida zetu

Wanajamvi, leo nimechoka, acha niseme.

Mwalimu wa mshahara wa laki saba anakatwa elfu 14 kila mwezi. Kwa mwaka ni 168,000. Wengi hatukujaza fomu yoyote. Umeripoti kituoni, mshahara wa kwanza unaingia, unafungua slipu unakuta makato ya chama yameshakaa. Ukiuliza unaambiwa ndiyo sheria.

Sheria tumeisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu chama chenye wanachama wengi kukubaliana na mwajiri hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala, yaani malipo ya kuwakilishwa na chama. Ila sheria hiyo hiyo inataka pesa hizo zikae kwenye akaunti ya peke yake, zitumike kutetea maslahi ya wafanyakazi wa sehemu hiyo ya kazi tu. Nani humu amewahi kusomewa mapato na matumizi ya akaunti hiyo? Huku kwetu Chanika sijaona hata karatasi kwenye ubao wa matangazo.

Mwenzangu kahamishwa toka Kigamboni, wala hakuomba. Kapakia vitanda na watoto kwenye Kirikuu ya kukodi, pesa ya mkopo. Stahiki za uhamisho mpaka leo hola. Kampelekea mwakilishi wa chama kila kitu, barua ya uhamisho na risiti, akajibiwa, "Mwalimu, fuatilia kwa afisa utumishi." Akaenda peke yake, daladala mbili, darasa la nne likabaki na monita. Sasa huyu anakatwa ya nini? Na kwenye kupandishwa madaraja na malimbikizo ya mshahara ni hivyo hivyo.

Ikifika Mei Mosi tunagawiwa fulana na kofia. Mimi sihitaji fulana, nahitaji mtu wa kusimama na huyu mwalimu halmashauri.

Msinielewe vibaya, bila chama mwalimu ni mnyonge. Mwaka 2012 walimu waligoma, Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ikauzuia mgomo, lakini nchi nzima ilijua tunadai nini. Siku hizi hata tamko hatusikii.

Mtasema tujitoe. Aliyejaza fomu anaweza, kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Halafu ada ya uwakala inamdaka pale pale.

Viongozi wa wilaya mnaosoma uzi huu, wekeni hapa taarifa ya akaunti ya uwakala, na orodha ya madai ya uhamisho mliyoyafikisha kwa mkurugenzi mwaka huu.