Siku sita Ireland: Galway, Cork au tubaki Dublin?

Wakuu, habari zenu. Mimi na mama tunaenda Ireland mwezi wa tano, siku sita. Hatuendeshi gari, na magoti ya mama hayawezi vilima. Tunashukia Dublin; baada ya hapo twende wapi?

Jibu 1: Galway, dada! Treni inatoka stesheni ya Heuston, mwendo wa saa mbili na nusu hivi, na katikati ya mji ni tambarare. Jioni tulikaa karibu na Spanish Arch, tao la kale la mawe, mto Corrib unapita kwa kasi chini yetu, tunakula chipsi huku shakwe wametukodolea macho. Bado naikumbuka harufu ile ya bahari. Beba koti la mvua; mwavuli upepo utaugeuza.

Jibu 2: Mimi nasema Cork, halafu Cobh, mji wa bandari jirani, treni dakika 25 hivi. Ndiko Titanic ilikotia nanga mara ya mwisho, mwaka 1912. Ila kanisa kuu liko juu, mteremko mkali. Mama abaki bandarini, panapendeza mno.

Jibu 3: Msirundike miji. Dublin siku mbili, Galway nne. Mkienda Belfast, Ireland ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, huko ni pauni, si yuro.

Muulizaji: Asanteni sana. Mama amechagua Galway.