Nataka kuuza madera mtandaoni: nipate vipi wateja kabla ya kuleta mzigo?

Binti_Makole
Habarini wakuu. Mtaji ni 400,000, duka sina. Nataka kuuza madera kwa WhatsApp na Instagram nikiwa Dodoma, mzigo nauchukua Kariakoo. Naambiwa nitafute watu kwanza. Nawapataje, na nitajuaje kwamba wametosha?

Mzee wa Lebo
Dada, achana na kuhesabu wafuasi. Hesabu waliosevu namba yako. Ujumbe wa brodikasti (unaoutuma mara moja kwa orodha ya watu, kila mmoja akaupata kivyake) unamfikia aliyekusevu tu, na status anaiona mkiwa mmeseviana. Orodha moja inabeba watu 256, lakini ukiijaza watu wasiokusevu unajitangazia mwenyewe.

Chukua laini ya biashara peke yake, uweke WhatsApp Business. Tengeneza kiungo cha wa.me, kile ambacho mteja akikibonyeza anaingia moja kwa moja kwenye WhatsApp yako: namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Wengi huandika 2550, mteja akibonyeza hafiki popote. Kiungo kikae kwenye wasifu wako wa Instagram. Mtu akiandika, mjibu alichouliza, kisha mwambie: "Sevu namba hii, madera mapya naweka Jumanne na Ijumaa saa 2 usiku." Nawe msevu hapo hapo, mpe lebo ya mji aliko na urefu anaovaa. Ukifika Kariakoo, lebo hizo ndizo zitakazokuambia ubebe nini.

Nargisi
Naongezea la nini cha kuweka, maana hapo ndipo watu hukwama. Nunua madera matatu tu ya sampuli, kwa muuzaji yule yule utakayechukulia mzigo. Piga picha juani na ndani, rangi hubadilika mno. Andika urefu kwa inchi, toka begani hadi chini. Halafu ile video ambayo wauzaji wengi wanaikwepa: lowanisha kitambaa cheupe, sugua dera kwa nguvu, waonyeshe kama linachuja. Lifue, likikauka lipime tena, useme limerudi inchi ngapi. Anayenunua bila kushika nguo anataka kujua hayo mawili kabla hajatoa hela.

Bei iandike wazi. "Njoo inbox" inafukuza watu. Na zile zawadi za "fuata ushinde" zinaleta wapenda vya bure. Siku ya kuuza huwaoni.

Binti_Makole
Asanteni sana. Nina namba kama 300 za kikoba na kamati za harusi. Niziingize zote?

Mzee wa Lebo
Hapana. Hawajakusevu, kwa hiyo brodikasti haiwafikii. Ukiwaandikia mmoja mmoja kwa laini mpya, wakaanza kukuripoti, namba inaweza kufungiwa na kazi yote ikaishia hapo. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: mtu alitoa namba kwa ajili ya harusi, si madera. Omba ruhusa kwa kiongozi wa kikundi, weka kiungo mara moja, anayetaka atakuja mwenyewe. Usifungue na grupu: namba zote zinaonekana, muuzaji mwingine anaingia kimya kimya na kukuchukulia watu.

Nargisi
Kuhusu kutosha, pima kwa hela. Tangaza mitindo miwili kwa siku tatu, atakaye alipe nusu kwa Lipa Namba, na uandike tarehe ya kumrudishia hela yake mzigo usipofika. Tuseme unalipata kwa 12,000 na kuliuza 18,000. Oda 20 zinakuletea 180,000, mzigo ni 240,000, unaongeza 60,000 na nauli.

Zikija oda 3, leta 3 au rudisha hela. Kisha wafuate waliouliza bei wakanyamaza. Mara nyingi kilichowakwamisha ni gharama ya boda au ya kutuma kwa basi, ambayo hukuitaja mapema. Iandike pembeni ya bei, mji kwa mji, halafu tangaza tena.